Kombe la Muziki katika Bonde la Hollywood

Je, umepata kuisikiliza kwaya ikiimba nje siku ya upepo? Mwaka mmoja, kwa ajili ya kumpokea mgeni mkubwa, kwaya yetu ilipangwa chini ya mwembe. Mimi nilisimama nyuma ya watu, nikaona vinywa vikifunguka na kufumba, lakini sauti nilipata nusu tu. Waimbaji nao hawakusikizana. Besi waliwahi, soprano wakachelewa. Tangu siku ile nimependa kujua wenzetu hufanyaje, na leo nakuchukua mpaka Los Angeles, huko Marekani.

Kuna bonde huko katikati ya vilima, liitwalo Hollywood Bowl, maana yake Bakuli la Hollywood. Watu huketi mteremkoni, wapigaji wako chini. Ibada ya Pasaka ilifanyika hapo alfajiri mwaka 1921, na mwaka 1922 yakaanza maonyesho ya muziki ya kila kiangazi. Siku hizi huketi watu zaidi ya 17,000.

Lakini bonde peke yake halitoshi. Sauti ya fidla huenda kila upande, na nyingi hupotelea angani. Ndiyo sababu hujengwa kombe: ukuta uliopinda, wazi kwa mbele, wa kuirudisha sauti kwa wasikilizaji. Weka viganja mdomoni umwite mtu aliye ng'ambo ya mto, utaelewa mara moja.

Mwaka 1927 Lloyd Wright, mwana wa msanifu mashuhuri Frank Lloyd Wright, alijenga kombe la pembe-pembe kwa mbao zilizobaki katika mchezo wa Robin Hood. Sauti yake ilisifiwa sana, bali sura yake haikupendwa. Likabomolewa! Mwaka 1928 akajenga jingine la matao, la kufunguliwa na kuwekwa ghalani. Halikuwekwa, mvua ikaliharibu. Mimi mtunza vitabu vya parokia najua jinsi kitu kinavyooza kwa kungoja mtu wa kukiondoa mvuani.

Lile la mwaka 1929 ndilo lililodumu: matao meupe, moja ndani ya jingine, kama jua linalochomoza. Lilipendwa na picha zake zikaenea duniani. Beatles waliimba mbele yake mwaka 1964. Lakini umbo la duara hukusanya sauti mahali pamoja na kuinyima pengine, hata wapigaji wasisikizane vizuri. Tena halikuwatosha wote. Msanifu Frank Gehry alijaribu kulitibu kwa mapipa ya karatasi ngumu mwaka 1970, kisha kwa matufe makubwa mwaka 1980.

Mwishoni ikaamuliwa libomolewe. Wapenda majengo ya kale walikwenda mahakamani, wakashindwa, na mwaka 2003 likavunjwa. Kwa kweli nawahurumia, maana jicho nalo lina haki yake. Lakini mpiga fidla asiyemsikia jirani yake atafanyaje? Kombe la mwaka 2004 ni kubwa zaidi, matao yamebaki, na juu ya wapigaji imetundikwa pete kubwa ya kuwarudishia sauti.

Sisi hatuna pete. Safari iliyofuata niliomba kwaya isimame mbele ya ukuta wa darasa, upepo ukiwa nyuma yake. Nilisikia kila neno. Besi waliwahi vilevile.