Jengo la Benki Lililogeuzwa Hifadhi ya Nyaraka, Nairobi

Majengo ya enzi ya ukoloni yaliyosalia katikati ya Nairobi si mengi, na machache miongoni mwake hupitwa na watu wengi kila siku kama lile la mawe, lenye nguzo nene mbele, lililosimama baina ya Barabara ya Moi na Mtaa wa Tom Mboya. Leo ni makao ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, yaani taasisi inayotunza kumbukumbu za maandishi za serikali ya Kenya, lakini lilijengwa kwa ajili ya fedha, na historia za mji huutaja mwaka 1906 kuwa ndio wa ujenzi wake.

Mmiliki wake wa kwanza alikuwa National Bank of India, benki iliyoasisiwa Calcutta mwaka 1863, ikahamishia makao yake makuu London, kisha ikafungua matawi Zanzibar mwaka 1892, Mombasa mwaka 1896 na Nairobi mwaka 1904, miaka mitano tu baada ya reli kufika kwenye kinamasi kilichokuja kuwa mji. Benki yenye asili ya India ilitangulia kwa sababu fedha halali ya nchi wakati huo ilikuwa rupia ya India, na wafanyabiashara wa Kihindi ndio waliounganisha maduka ya bara na maghala ya Mombasa na Bombay. Rupia hiyo ilizusha mgogoro mkubwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: awali pauni moja ilibadilishwa kwa rupia 15, lakini bei ya madini ya fedha ilipopanda, kiwango kikawekwa kuwa rupia 10, hivi kwamba mlowezi aliyekopa kwa rupia na kuuza mazao yake kwa pauni alijikuta akidaiwa nusu zaidi ya alichokopa. Florini ilianzishwa mwaka 1920, ikadumu muda mfupi mno, na mwaka 1921 nafasi yake ikachukuliwa na shilingi.

Ni haki kuuliza mlango wa benki hiyo ulikuwa wazi kwa nani. Mkopo wa benki huhitaji dhamana, yaani mali ambayo mkopeshaji anaweza kuitwaa deni lisipolipwa, na dhamana kubwa ya mkulima ni ardhi yenye hati. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliifanya ardhi waliyokaa Waafrika kuwa mali ya Taji la Uingereza, na hukumu ya mahakama mwaka 1921 ikawahesabu kuwa wapangaji tu, wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Mwafrika hakuhitaji kukatazwa kuingia; sheria ilikwisha kumnyima kitu cha kwenda nacho mezani.

Jina la benki lilibadilika mwaka 1958 kwa kuungana na benki ya Grindlays, na mwaka 1970 serikali ilipochukua asilimia 60 ya hisa, ikazaliwa Kenya Commercial Bank. Hifadhi ya Nyaraka, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ilihamia katika jengo hilo mwishoni mwa miaka ya 1970.

Ghorofa ya chini imetengwa kwa mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais mwaka 1966 kwa miezi michache kabla ya kujiuzulu, na ambaye pamoja na mkewe Sheila alikusanya sanaa za Kiafrika, stempu, barua na maelfu ya vitabu, vingi vikiwa vya kabla ya mwaka 1900. Wanunuzi wa nje wangeweza kuvitawanya, lakini mwaka 1976 mkusanyiko huo uliuzwa kwa serikali ya Kenya, na uamuzi huo unastahili shukrani kubwa kuliko inayotolewa.

Ghorofa za juu ndiko ziliko nyaraka zenyewe, zikiwamo taarifa za mwaka za wakuu wa wilaya wa kikoloni, walioandika kuhusu kodi, mvua, mipaka na migogoro ya watu ambao hawakuulizwa maoni yao. Hata hivyo, ukoo unaodai ardhi ya mababu waliohamishwa hulazimika kutafuta ushahidi katika maandishi hayohayo ya aliyewahamisha, na chumba cha wasomaji kinachowaruhusu kufanya hivyo kina thamani kubwa kuliko chumba chochote cha hazina kilichopata kuwamo humo.

Hazina hiyo ya nyaraka, kwa bahati mbaya, haijakamilika. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963 maofisa wa Uingereza walisafirisha majalada mengi, na ni kesi ya wazee wa Mau Mau, waliodai kuteswa katika kambi za kikoloni, iliyoilazimisha serikali ya Uingereza mwaka 2011 kukiri kwamba majalada ya makoloni yake 37 ya zamani, yakiwamo ya Kenya, yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Sasa yanasomwa katika hifadhi ya nyaraka ya Uingereza iliyoko Kew, London, ilhali mahali pake halali ni katika jengo hili, ambapo mjukuu wa aliyefungwa kambini anaweza kuyafikia kwa nauli ya matatu.