Rongai na Ile Kauli ya "Ajali Haina Kinga"

Ikiwa hujawahi kufika Ongata Rongai, mpenzi msomaji, tenga Jumapili moja uende. Magari ya nambari 125 na 126 utayapata katika steji ya Railways, Nairobi, na huna haja ya kuuliza yako wapi, kwa kuwa utayasikia kabla hujayaona. Watu wa jijini huutania mji huu kwa kuuita "dayaspora", kana kwamba mkazi wake amehamia ng'ambo, ilhali ni mwendo wa kilomita 20 hivi tu.

Keti dirisha la kushoto. Ukipita Bomas gari hushika Barabara ya Magadi, na upande huo ni msitu wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Huenda ukawaona nyani wamekaa kando ya njia kama abiria waliochelewa. Baada ya Chuo Kikuu cha Multimedia barabara huteremka hadi Mto Mbagathi. Ukivuka daraja, umeingia Kajiado.

Jina la mji ni la Kimaasai, na maana yake ni uwanda mwembamba. Wembamba huo utauona mwenyewe. Barabara hii ndiyo iendayo Ziwa Magadi, ambako magadi yamechimbwa kwa zaidi ya miaka 100, na mji umejipanga kandokando yake kama nguo kwenye kamba. Maduka, shule, makanisa, steji na meza za sukumawiki, vyote vimeielekea njia moja. Mtu akitaka mkate, huenda ukawa ng'ambo ya pili.

Shuka karibu na Maasai Mall, usimame dakika kumi utazame watu wanavyovuka. Mama amemshika mtoto kifundo cha mkono, si kiganja, maana kiganja huteleza. Matatu inasimama kumpisha. Mama anaanza kuvuka, na papo hapo pikipiki inachomoka ubavuni mwa matatu, upande ambao hakuna aliyeutazama. Mwenye bodaboda hakumwona mama, na mama hakumwona yeye. Matatu ile ile iliyofanya hisani ndiyo iliyowafichana. Je, hapo utamlaumu nani?

Swali hilo si la Rongai pekee. Mwaka 2024, kwa hesabu ya mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wanaotembea kwa miguu. Nasi tumezoea kushusha pumzi na kusema ajali haina kinga.

Waswidi waliikataa kauli hiyo. Mwaka 1997 bunge lao lilipitisha kwamba lengo la nchi ni kufikia mahali ambapo hakuna mtu atakayekufa wala kuumia vibaya barabarani. Hoja yao ni rahisi: binadamu atakosea tu, leo na kesho. Dereva atasinzia, mtoto atafuata mpira. Basi barabara na ijengwe hivi kwamba kosa liishie kwenye bati la gari, lisifike kwenye mifupa ya mtu. Siri kubwa ni mwendo. Mtu akigongwa na gari la kilomita 30 kwa saa, mara nyingi huinuka. Mwendo ukipita 50, matumaini hupungua upesi. Mjini Helsinki, Ufini, ambako zaidi ya nusu ya barabara ni za kilomita 30, ulipita mwaka mzima hadi Julai 2025 bila kifo hata kimoja.

Utaniambia, hiyo ni Ulaya yenye pesa. Twende basi Dar es Salaam. Huko shirika la Amend liliweka matuta, njia za miguu na vivuko kwenye shule ambazo watoto wake waligongwa sana, na majeruhi wakapungua kwa takriban robo. Kazi hiyo ilituzwa kimataifa mwaka 2019. Tuta, msomaji, ni udongo na lami.

Sisi tuliwahi kushika upande mmoja wa kamba. Februari 2004 Waziri John Michuki alitia nguvu kanuni za mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 na mstari wa manjano, na waliokuwapo wanakumbuka jinsi matatu zilivyotii. Kisha mkono ukalegea. Lakini hata zingalitii hadi leo, kilomita 80 mbele ya lango la shule ni kifo kilichoruhusiwa na kidhibiti. Kanuni zilimtazama dereva; njia yenyewe haikuguswa.

Kwa maoni yangu, Rongai haihitaji muujiza. Inahitaji njia ya miguu isiyogeuzwa steji, mahali pa matatu kuingia zisimame nje ya lami, na vivuko vilivyoinuliwa pale watu wanapovuka tayari, si pale mhandisi angependa wavuke. Ugumu uko kwingine: barabara kuu ni za serikali ya taifa na vichochoro ni vya kaunti, na yule mama anavuka zote mbili kabla ya kufika shuleni.

Ukimaliza kutazama, endelea hadi Kiserian ukale nyama choma. Steji ya kwenda huko iko ng'ambo ya barabara. Ngoja pikipiki zipite kwanza.