Picha Zifananazo

Mhariri ameniomba niandike jambo la manufaa nililolifanya wakati wa likizo. Wenzangu wengi huandika habari za safari. Mimi sikusafiri, nilikaa nyumbani Nyakakika, katika duka la kaka yangu, nikitazama nyuso za watu kwa muda wa wiki tatu.

Kaka yangu ni mpiga picha. Hupiga arusi, ubatizo, mahafali na mazishi katika kata yetu na kata za jirani, na mara nyingine huitwa hata Kayanga. Kazi humzidi hasa miezi ile watu wanapouza kahawa, maana ndipo arusi huwa nyingi. Mwezi wa Juni kompyuta yake ilikataa kupokea picha mpya kwa kuwa diski imejaa. Tulipohesabu tukakuta picha 31,000 na ziada. Kaka akasema, "Mdogo wangu, nusu ya hizi ni marudio. Ziondoe." Diski mpya ni ghali, na arusi ya Jumamosi ilikuwa imekwisha tolewa arbuni.

Yafaa kwanza nieleze marudio yatokeavyo. Mpiga picha arudipo usiku, amechoka, huhamisha picha kutoka kadi ya kamera. Asubuhi hakumbuki kama alimaliza, basi huzihamisha tena katika folda nyingine. Kisha humpelekea mteja picha kwa WhatsApp. Mteja huirudisha akitaka isafishwe, nayo huhifadhiwa tena. Hivyo picha moja hukaa mahali patatu, na pengine kwa majina matatu.

Kaka hutumia Lightroom, programu iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 2007. Programu hii ina katalogi, yaani daftari liandikalo kila picha iko wapi, ilipigwa lini na kwa kamera gani. Picha zenyewe hazimo katika daftari; zimo diskini. Jambo hili huwaponza wengi. Mtu huweka nakala ya katalogi akidhani amehifadhi picha zake, kumbe amehifadhi orodha tu, kama karani atunzaye kitabu cha ghala huku ghala lenyewe linaungua. Sisi tuliazima diski ya nje, tukanakili picha zote kwanza, kazi iliyotuchukua siku nzima kwani umeme ulikatika mara tatu.

Toleo alilo nalo kaka hukagua marudio wakati wa kuingiza picha tu. Yaliyokwisha ingia huyaacha. Kwa hiyo tuliongeza programu-jalizi, yaani programu ndogo ipachikwayo katika kubwa ili kuipa ufundi isiokuwa nao. Tuliyoichagua ni ya bure, yaitwa Teekesselchen. Neno hilo ni la Kijerumani, nalo ni jina la mchezo wa watoto wa kubahatisha neno moja lenye maana mbili, kama vile sisi tungecheza kwa neno "paa" au "kaa". Aliyeipa jina hilo alijua anachofanya.

Programu-jalizi hii haitazami sura ya picha hata kidogo. Husoma daftari: saa ya kupigwa, aina ya kamera, lenzi, kiasi cha mwanga. Picha ambazo maandishi yake yamelingana huzitia alama na kuzikusanya pamoja. Kufuta ni kazi ya mtu, na hapo Lightroom humwuliza: waiondoa picha katika daftari tu, au waifuta diskini pia? Ajibuye la kwanza hatapata nafasi hata kidogo, maana picha imebaki palepale, ila haionekani.

Yale marudio ya folda mbili yalipatikana upesi, tukayafuta kwa maelfu. Zile za WhatsApp zilitushinda, kwa sababu picha ikipita huko hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa maandishi yake; daftari halina tena la kulinganisha. Kwa hizo tulitumia digiKam, programu nyingine ya bure, ambayo hulinganisha sura yenyewe, na mtu huchagua zifanane kwa asilimia ngapi. Shule zenye kompyuta chache zaweza kuanza na hiyo pasipo gharama.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili. Kamera ya kaka ikishikiliwa kidole hupiga picha kadhaa katika sekunde moja, na zote huandikwa saa ileile. Daftari hudai ni moja. Siku ya tano tulikuta picha nne za bibi mmoja jirani katika arusi ya mjukuu wake mwaka 2019. Bibi huyo alifariki mwaka 2022. Kaka alitaka tubakize ya kwanza, tuendelee. Nikazifungua zote. Katika ya kwanza mkono wa mtu umemziba shavu. Katika ya tatu macho yake yako wazi, anatazama mbele vizuri. Tukabishana kidogo, kisha tukaziacha zote nne, maana picha tatu si mzigo.

Wiki iliyofuata binti yake akaja kutaka picha ya kuweka katika fremu kwa ajili ya kumbukumbu ya mama yake. "Shikamoo, mama," nikasema, nikamfungulia ile ya tatu, nikiwa na hakika. Akaitazama. Akauliza kama hakuna nyingine. Nikamwonyesha zote, naye akachagua ya pili, ambayo bibi amefumba macho na kuziba mdomo kwa kiganja, anacheka. "Ndivyo alivyokuwa akicheka," akasema, akaomba nakala mbili.

Tangu siku hiyo kaka hakuniharakisha tena. Tulipata nafasi ya kutosha arusi nyingi, na kwa sekunde moja yenye picha nyingi tuliketi wote wawili tukachagua kwa macho.

Imebaki folda moja. Kamera yake ya zamani ilikuwa imekufa betri ndogo ya saa, hata kila alipobadilisha betri kubwa tarehe ilirudi Januari mosi. Huko daftari limemweka bibi arusi kundi moja na mbuzi wa mahari. Hiyo nimeiacha hadi likizo ya Desemba.