Mpiga gitaa na pipa la mzee

Ukitaja Singida watu wanakumbuka kuku wa kienyeji, alizeti na asali. Wiski hakuna anayeitaja. Lakini wadau, juzi juzi nimeiona, au tuseme nimemwona binamu yake, kwenye stoo ya fundi seremala mstaafu hapa mjini.

Nilikwenda na jamaa mmoja mpiga gitaa, anayepiga kwenye baa, vilabu na harusi. Jina lake nalihifadhi. Mzee ndiye humtengenezea gitaa likipasuka, safari hii akamwita aje aone mradi wake.

Mradi wenyewe ni kipipa cha lita 5, cha mti wa mwaloni, ambacho ndani kimebabuliwa na moto hadi kikawa mkaa. Mwanawe alimletea kutoka Ulaya. Mzee akanunua dukani kileo cheupe chenye stempu ya ushuru, akakijaza humo na kukilaza.

"Hii siyo wiski, msije mkanitangaza," akasema huku akicheka. Wiski hutokana na nafaka, na Scotland sheria inataka ilale pipani si chini ya miaka 3. Mbao ndiyo inayoipa rangi ya kahawia na harufu ya vanila. Kipipa kidogo hufanya haraka kuliko pipa kubwa, kwa kuwa kila lita inagusana na mbao nyingi zaidi. Halafu pipa linapumua. Kule Scotland hupotea kama asilimia 2 kwa mwaka, wenyewe wanaita fungu la malaika. Kwa jua na upepo mkavu wa Singida, malaika wana kiu zaidi. Na hewa ikiwa kavu, maji hutoroka haraka, hivyo kinachobaki kinaweza kuwa kikali kuliko kilichoingia.

Tukaonjeshwa kifuniko kimoja kimoja. Jamaa yangu akakizungusha mdomoni, kisha akauliza, "Mzee, hivi ukiweka gongo humu, ikalala mwaka mzima, si itakuwa safi?"

Mzee hakucheka tena. "Hapana, mwanangu. Mbao inatia rangi na ladha, sumu haitoi. Utakuwa umeivalisha suti tu."

Ndivyo ilivyo. Methanoli ikishaingia kwenye pombe, kulala pipani hakuiondoi, na huwezi kuitambua kwa rangi wala harufu. Nairobi, Novemba 2000, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwaacha wengine vipofu. Ndiyo maana mtu akinywa halafu akaanza kuona ukungu, hapelekwi kulala. Anakimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Njiani ndipo nikaelewa swali lilitoka wapi. Vilabuni jamaa hulipwa nusu pesa, nusu gongo. Mpiga besi mwenzake alilipwa hivyo hivyo usiku mmoja, na leo anashikwa mkono kwenda chooni. Hakuwa akiulizia wiski. Alikuwa anatafuta namna ya kuupokea mshahara wake bila kupofuka.

Sheria ya kudhibiti gongo ipo tangu mwaka 1966. Sisi wa magazeti tunaipigia picha mapipa yakimwagwa, tunaandika lita ngapi na watuhumiwa wangapi, basi. Kwamba kuna watu gongo ndiyo ujira wao, haiandikwi. Mpiga gitaa akiikataa, mwenye kilabu anamwambia vijana wenye spika na simu wako wengi, tena hawali.

Jamaa ameamua kuanzia sasa anataka pesa taslimu tu. Wiki ya kwanza amekosa kazi mbili, amepata moja ya kipaimara.

Haya, msomaji mwenye sherehe mwezi ujao: bajeti ya keki unayo, ya mapambo unayo. Ya mpiga gitaa umeiandika kwa shilingi au kwa chupa?