Mwenzetu Tuliyemwondoa Kwenye Kundi

Tuliingia Seminari ya Katoke mwaka 1975, wavulana 34, kila mmoja na sanduku lake la bati. Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka 1979, baada ya vita ya Amin ambayo ilianza tukiwa kidato cha nne. Kati yetu waliofika altareni ni watatu. Sisi wengine tulitoka mmoja mmoja: huyu baada ya kidato cha nne, yule Itaga, mwingine falsafa Ntungamo. Mimi ni wa Ntungamo.

Kwa miaka mingi tuliotoka hatukuwatafuta wenzetu mapadre. Wao hawakutubagua, aibu ilikuwa yetu. Unakutana na mwenzako stendi ya Biharamulo amevaa kola, na kabla hajakuuliza lolote umeshaanza kumweleza kwa nini ulitoka.

Kilichotukutanisha ni msiba. Mwaka 2012 tulimzika mmoja wetu, na padre aliyeongoza ibada alikuwa wa darasa letu. Baada ya mazishi alituita nyuma ya kanisa, tukapigwa picha, akasema tusingoje jeneza lingine. Tangu siku hiyo tunakutana kila mwaka, na kila baada ya miaka michache tunakodi gari na kusafiri pamoja. Tulikwenda Bukoba. Tulikwenda kisiwa cha Rubondo, ambako wazee wazima, wastaafu wenye wajukuu, tuligombania nafasi ya mbele kwenye boti kama watoto wa darasa la tatu. Nilicheka siku hiyo kuliko nilivyocheka miaka kumi.

Palipo na furaha kama hiyo, fedha lazima zitafutwe. Tukaandika katiba. Mimi nikachaguliwa mhazini, na WhatsApp ilipofika nikawa pia admini wa kundi. Ada ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka. Katiba ilisema kwamba mwanachama asiyelipa miaka miwili mfululizo "atahesabiwa amejiondoa mwenyewe". Sentensi hiyo niliiandika mimi, na wakati huo niliiona nzuri sana. Haikumfukuza mtu. Ilimwachia mtu ajifukuze.

Sasa nije kwa Kengele. Hilo ni jina tulilompa shuleni, na amekubali nilitumie hapa badala ya jina lake la ubatizo. Ndiye aliyekuwa akigonga rimu ya lori alfajiri kutuamsha kwa ajili ya misa, na hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Alitoka akiwa kidato cha pili, baba yake alipofariki, akarudi kwao upande wa Rulenge kulea wadogo zake. Ulikuwa wakati wa UPE, serikali ikitafuta walimu wa shule za msingi kila kona, naye akawa mwalimu akiwa bado kijana mdogo. Kwa hiyo hakumaliza nasi, hana picha ya kidato cha nne, na bado alihudhuria mikutano yetu kuliko wengi waliomaliza.

Mwaka 2018 hakulipa. Mwaka 2019 hakulipa. Nilimtumia ujumbe mara mbili, ule ule ninaowatumia wote, wenye jina lililobadilishwa tu. Alijibu mmoja: "Mhazini, nivumilieni." Nikamjibu kwamba katiba ni ya wote. Januari 2020 nikabonyeza jina lake, nikamwondoa. Hakuna aliyeuliza. Mtu mmoja aliweka alama ya dole gumba.

Tulikuja kujua baadaye. Mkewe alikuwa mgonjwa tangu 2017. Aliuza ng'ombe, akauza kipande cha shamba la kahawa, kiinua mgongo chake chote kikaishia kwenye nauli na dawa. Mama yule alifariki mwaka 2021, akazikwa, na katika darasa letu lote hakuna aliyepeleka hata kilo ya sukari.

Tulijuaje? Kwaresima ya 2023 yule padre wetu alialikwa kusaidia maungamo katika parokia ya huko. Asubuhi kabla ya misa akakabidhiwa karatasi ya nia, akasoma: kumwombea marehemu fulani, mke wa Mwalimu fulani, miaka miwili tangu afariki. Jina la Mwalimu likamsimamisha. Aliniambia kwamba alisoma nia ile altareni kwa shida.

Nimefikiri sana kuhusu karatasi ile. Waliolipia misa ile walikuwa jumuiya yake ndogondogo, watu ambao hawakusoma naye, na baadhi yao hawajui kuandika. Wao ndio waliomlimia shamba mkewe alipokuwa amelazwa. Sisi wa jimbo hili hatuna kisingizio cha kutojua mambo haya. Tulikuwa shule wakati maaskofu wa AMECEA walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, na askofu wetu alikuwa Christopher Mwoleka, aliyekwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa. Mwoleka alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu hatukupewa tuutegue kama fumbo. Tulipewa tuuige, kwa kushirikishana maisha na mali. Mafundisho hayo niliyasikia nikiwa na miaka 15. Nikiwa na miaka 58 nikaandika ibara ya kujiondoa.

Safari ya mwaka huo ilikuwa imepangwa: maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda. Padre akaomba tupite kwanza kwa Kengele. Katika kikao wengine walisema kutoka Nyakahura kwenda Rulenge ni vumbi tupu, gari litachelewa, hela ya dereva itaongezeka. Mimi sikusema kitu, na kwa mhazini kunyamaza kikao kinapojadili hela ni jambo la ajabu. Padre akasema, "Basi ninyi nendeni Rusumo. Mimi nitashuka Nyakahura nichukue bodaboda." Ana kisukari na miguu inamvimba. Tukakubali sote.

Tulitoka Biharamulo mjini kabla jua halijachomoza, watu 14 katika Coaster, tukapita Lusahunga, na pale Nyakahura tukaacha lami. Vumbi lilikuwa kama walivyosema. Vilima vya Ngara vilipoanza kujitokeza na migomba yake, waliokuwa wakiimba wakanyamaza mmoja mmoja. Nadhani kila mtu alikuwa akitafuta la kusema.

Alikuwa amesimama nje, amevaa koti la suti. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema, kwa sauti ile ile. Tukaitikia kama tulivyoitikia bwenini. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekwisha kupika ndizi na maharage, na mwenyekiti wao alitukaribisha kwa heshima iliyozidi kuniumiza. Alitutambulisha kwa majirani kama "ndugu wa Mwalimu".

Hatukuwa tumekaa sawasawa Kengele aliponijia na bahasha. "Mhazini, hii ni 2018 na 2019. Miaka mingine nitaleta." Ndani mlikuwa na 120,000, noti nyingi ndogondogo. Nikamwambia haiwezekani, rudisha. Akaendelea kuinyoosha. Nikakataa tena, na hapo nikaona uso wake unabadilika. Padre akaniinamia, akaninong'oneza, "Pokea." Nikapokea. Kisha Kengele akasema, "Risiti?"

Kitabu cha risiti nilikuwa nacho mkobani, maana nilikuwa nakwenda kukusanya hela za safari. Nikaandika mbele ya watu wote, mkono unanitetemeka, nikakosea mwaka, nikafuta, nikaandika tena. Aliikunja mara nne, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Bado sijui kama nilifanya vizuri. Mke wangu anasema ningekataa. Lakini mke wangu hakuuona ule uso.

Baada ya chakula alitupeleka kaburini, nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mwembe. Padre aliongoza sala. Nilisoma tarehe kwenye msalaba. Juma lile la mazishi nilikuwa nimeweka kwenye kundi picha 22 za sherehe ya kipaimara ya mjukuu wangu. Nilizihesabu nilipofika nyumbani.

Tukamchukua tukaendelea naye: Murugarama, Ngara mjini, kisha Benaco. Tulimpa kiti cha dirishani. Tulipofika Benaco akamwomba dereva apunguze mwendo. Watoto wetu wanadhani hilo ni jina la kijiji tu, kumbe liliachwa na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, na vilima hivi vikawa kambi. Kengele alikuwa akifundisha shule isiyo mbali na barabara. Asubuhi alikuta watu wamelala ndani ya darasa hadi chini ya ubao. "Sikugonga kengele siku ile," akasema. "Niliona niwaache walale." Hakusema zaidi.

Rusumo tulipiga picha. Maji ni mengi, kelele ni nyingi, kuna daraja jipya na mitambo ya umeme ya megawati 80 ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Ni pazuri, nendeni mkaone. Mimi nilikuwa nimechoka.

Jioni tulimwacha Benaco kwa binti yake aliyeolewa huko. Kabla hajashuka nilichukua simu nikamrudisha kwenye kundi, na simu yake ikalia mfukoni palepale, watu wakapiga makofi. Yeye alivaa miwani, akaanza kupitia orodha ya majina taratibu kwa kidole. Alipofika mwisho akaniuliza yuko wapi mwenzetu fulani wa Nyakanazi, aliyekuwa akilala kitanda cha karibu naye.

Nikamwambia huyo aliondolewa kabla yake, na namba yake haipatikani.

"Uliipiga lini?"

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari.