Msikiti wa Tinmel Katika Milima ya Atlas

Msafiri atokaye mji wa Marrakesh katika nchi ya Moroko, akishika njia ya kusini, huacha nchi tambarare na kuanza kupanda Milima ya Atlas. Njia hufuata bonde la mto Nfis, na baada ya mwendo wa kilomita 100 hivi hufika Tinmel. Ni kijiji kidogo, lakini hapo ndipo ulipoanza ufalme ulioenea mpaka Hispania.

Mwanachuoni mmoja wa Kiberiberi, jina lake Ibn Tumart, alikaa hapo na wafuasi wake walioitwa Al-Muwahhidun, yaani wenye kumpwekesha Mungu. Alikufa mwaka 1130 akazikwa huko huko. Abd al-Mu'min, aliyeshika mahali pake, aliuteka Marrakesh mwaka 1147, wala hakukisahau kijiji alikotoka: katikati ya karne ya 12 alijenga msikiti huu.

Kwa nje mtu angeudhania kuwa boma la askari. Mnara wake, kinyume cha desturi, ulijengwa juu ya mihrabu yenyewe. Ndani mlikuwa na safu za nguzo za matofali zilizobeba matao. Ukumbi wa katikati na ule uliopita mbele ya mihrabu ulikuwa mipana kuliko mingine, na ilipokutana ilifanya umbo la herufi T.

Yafaa tuangalie jinsi mafundi walivyotumia nakshi. Hawakuitapanya kila mahali. Mbali na mihrabu matao yalikuwa ya kawaida. Kadiri mtu alivyoikaribia, ndivyo yalivyozidi kupambwa, na kingo zake zikachongwa mapindo mapindo. Vikuba vilikuwa na vijumba vidogo vidogo mithili ya sega la nyuki. Hapakuwa na sanamu ya mtu wala ya mnyama, ila mistari, majani na makombe yaliyochongwa katika plasta. Kuta nyingine ziliachwa tupu, na kwa utupu wake macho yaliongozwa mahali pa kuelekea.

Jeshi la Wamarini liliuharibu mji wa Tinmel katika karne ya 13, lakini msikiti ukasalimika. Paa lilianguka kwa miaka mingi, kuta zikabaki, na katika miaka ya 1990 zilitengenezwa. Ndipo usiku wa tarehe 8 Septemba 2023 nchi ilipotetemeka. Watu karibu 3,000 walikufa, vijiji vikabomoka, na sehemu kubwa ya msikiti ikaanguka. Wakati huo ulikuwa ukitengenezwa, na baadhi ya mafundi wake walikufa.

Huenda mtu akauliza: Je, ni haki kuinua kuta za kale hali watu hawana nyumba? Swali hilo ni la haki, na mwenye kulala nje hana budi kutangulia. Lakini watu wa bonde lile walipoteza nyumba zao pamoja na kumbukumbu ya wazee wao, na yote mawili ni hasara.

Lipo jambo moja la kutia moyo. Katika karne ya 20 wataalamu waliupima msikiti huu, nguzo kwa nguzo, wakachora matao yake na nakshi zake. Pengine kazi hiyo ilionekana kuwa ya kuchosha. Leo michoro hiyo ni msaada mkubwa kwa fundi atakaye kujua kila tofali lilisimama wapi. Basi ndugu msomaji, usidharau kazi ya kupima na kuandika: ukuta huanguka kwa usiku mmoja, bali kilichoandikwa vema chaweza kuuinua tena.