Safari ya Upper Hill kupunguza mzigo wa kifua

Msafiri ashukaye matatu katika kituo cha Community jijini Nairobi huona kwanza majumba marefu ya ofisi, kisha vibao. Kibao cha daktari wa meno, cha mtaalamu wa macho, cha maabara, cha eksrei na cha duka la dawa. Huu ndio mtaa wa Upper Hill, ambao enzi za ukoloni ulikuwa na nyumba za maafisa wa reli zilizozungukwa na bustani. Leo ni mlima wa mabenki na madaktari.

Karibu na hapo iko Hospitali Kuu ya Kitaifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 na jina la Native Civil Hospital. Kwa miaka mingi, wagonjwa kutoka pembe zote za nchi wamekuwa wakiupanda mlima huu wakiwa na bahasha za eksrei kwapani. Miongoni mwao wamo kina mama ambao, wakiulizwa wamefuata nini, hujibu tu, "Nimekuja kuonwa na daktari." Hao ni wale wanaotaka kupunguzwa matiti.

Mmoja wao ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Likoni, mwenye umri wa miaka 34, ambaye ni binamu yangu na ameomba jina lake lisichapishwe. Tangu alipojifungua binti yake, kifua kilimwelemea. Kamba za sidiria zilimchimba mifereji mabegani. Shingo na mgongo vilimuuma kila alipoandika ubaoni, na kwa joto la Pwani, vipele havikuisha chini ya matiti. Kwenye feri, watu walimtazama kifuani kabla ya kumtazama usoni.

Alipotaja upasuaji, mama mkwe wake alishtuka. "Mwanangu, hilo ni umbo ulilopewa na Mola. Wataka kwenda kulikata?" Mumewe hakupinga, ila aliuliza swali moja tu: "Mungu akitujalia mtoto wa pili, atanyonya nini?"

Swali hilo ndilo alilosafiri nalo mara ya kwanza. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, humtoa msafiri Miritini na kumfikisha Syokimau kwa muda wa saa tano hivi. Anayetoka Likoni na aondoke mapema, na asisahau sweta, kwani baridi ya Nairobi ya mwezi Julai haina mzaha.

Daktari hakumficha kitu. Alimweleza kwamba mara nyingi chuchu haitolewi kabisa, bali huachwa imeshikana na nyama inayoipelekea damu, kisha husogezwa juu. Kwa hivyo, baadhi ya kina mama hunyonyesha baadaye, wengine hupata maziwa kidogo wakaongeza ya kopo, na wengine hukosa kabisa. Hakuna daktari awezaye kuahidi. Aidha, ujauzito au kunenepa huweza kuyakuza matiti tena. Kwa sababu hiyo, alimshauri kwamba kama angeweza kuvumilia, azae kwanza.

Binamu yangu alirudi nyumbani akakaa na mumewe miezi minne wakilifikiria jambo hilo. Mwishowe alisema, "Huyu niliye naye siwezi hata kumbeba, mgongo waniuma. Nimwache huyu nimfikirie ambaye hajaja?" Mumewe akakubali.

Nilifuatana naye safari ya pili. Kabla ya siku yenyewe, alipimwa damu na shinikizo la damu, na matiti yakapigwa picha kuhakikisha hayana uvimbe. Anayevuta sigara hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla, kwa maana moshi huchelewesha vidonda kupona. Anayetumia dawa kama vile aspirini, au hata za mitishamba, yampasa kumwambia daktari, kwa kuwa baadhi yazo huzidisha kutoka damu.

Yako pia mambo madogo ambayo mwanamke wa Pwani hana budi kuyajua. Usije na madera matupu. Dera huvaliwa kwa kuinua mikono juu, na baada ya upasuaji mikono haiinuki. Chukua blauzi zenye vifungo mbele, na leso. Suka nywele mapema, kwani hutaweza kujichana kwa siku kadhaa. Rangi ya kucha na hina iliyokolea kidoleni huweza kutatiza kifaa cha kupimia oksijeni, kwa hivyo arusi na isubiri.

Asubuhi ya upasuaji, binamu yangu hakula kitu. Daktari alimsimamisha wima akamchora kifuani kwa kalamu, kwa kuwa mgonjwa akishalala, matiti hubadilika umbo. Kisha akapewa nusukaputi. Upasuaji huu kwa kawaida huchukua kati ya saa mbili na saa nne. Mara nyingi mkato huzunguka chuchu, hushuka chini, kisha hufuata mkunjo ulio chini ya titi, ukawa na umbo kama la nanga. Nyama, mafuta na ngozi iliyozidi hutolewa, na huweza kupelekwa maabara kuchunguzwa.

Kwake yeye zilitoka gramu 800 upande mmoja na 900 upande wa pili. Ukiongeza gramu nyingine 300, unapata uzito wa pakiti ya unga ya kilo mbili. Huo ndio mzigo aliokuwa akiubeba darasani kila siku.

Alizinduka akiwa na mirija miwili ya kutolea damu na maji, ambayo iliondolewa siku iliyofuata. Maumivu yalikuwepo, lakini yalitulizwa kwa dawa. Kilichomsumbua zaidi ni kulala chali usiku kucha na kuvaa sidiria maalumu mchana na usiku, jambo linaloendelea kwa wiki kadhaa. Aliambiwa atembee kidogo kidogo ili damu isigande miguuni. Kwa sababu hiyo hiyo, hakuruhusiwa kukimbilia treni. Tulikaa kwa jamaa zetu South B hadi daktari alipomwona tena na kuridhika.

Wiki ya pili, mahali mikato inapokutana chini ya titi moja palifunguka kidogo. Daktari alisema hilo hutokea, na pakapona kwa kusafishwa na kufungwa. Hata hivyo, homa, usaha, uvimbe wa ghafla upande mmoja, mguu kuvimba au kushindwa kupumua si mambo ya kungojea asubuhi. Mgonjwa arudishwe hospitali mara moja.

Kazi nyepesi huweza kuanza baada ya wiki mbili hivi, lakini ndoo ya maji na mtoto mgongoni vingoje hadi wiki sita. Makovu hayafutiki, ingawa hufifia kadiri miezi inavyopita. Wenye ngozi nyeusi huwa katika hatari zaidi ya kupata makovu yanayovimba, kwa hivyo mwonyeshe daktari kovu lolote la zamani. Chuchu nazo huweza kupoteza hisia. Yeye bado hana hisia kamili upande wa kushoto.

Kabla hujakata tikiti, hakikisha kwamba daktari na hospitali wana leseni ya Baraza la Madaktari, yaani KMPDC, na kwamba daktari huyo ni mtaalamu wa upasuaji wa aina hii. Omba gharama zote kwa maandishi: za daktari, mtoa nusukaputi, kitanda, maabara na ziara za baadaye. Waulize watu wa bima mapema, kwani wengine huuhesabu upasuaji huu kuwa urembo. Barua ya daktari inayoeleza maumivu yako yaweza kukusaidia.

Binamu yangu amerudi darasani, na jioni humbeba binti yake hadi dukani. Kuhusu maziwa ya mtoto wa pili, jibu watalijua siku hiyo ikifika. Kwa wewe unayewaza safari hii, kaa na mwenzako, andika maswali yako yote kwenye karatasi, na usione haya kuyasoma mbele ya daktari. Kuuliza si ujinga.